Koo Kabla ya Sauti: Istilahi za Njia ya Hewa, Pumzi ya Farasi na Haja za Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu anapoanza somo la fonetiki hukutana mapema na mchoro mmoja maarufu. Ni mchoro wa kichwa cha binadamu kilichopasuliwa ubavuni, kikionyesha midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kilimi, koromeo, kidakatonge na zoloto lenye nyuzi za sauti. Viungo vyote hivyo huwekwa chini ya anwani moja: ala za matamshi. Mwanafunzi hukariri majina, hujibu mtihani, na mara nyingi huondoka akiamini kwamba viungo hivyo viliumbwa ili binadamu aseme. Ukweli ni kwamba meno ni ya kutafunia, koromeo ni njia panda ya hewa na chakula, na zoloto ni lango la mapafu. Usemi ni mpangaji tu katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya pumzi na chakula.

Makala haya yanadai kwamba mtazamo huo wa kuliona koo kama ala ya sauti kwanza umeacha pengo katika istilahi za Kiswahili. Yapo majina ya mahali ambapo sauti hutamkwa, lakini hakuna istilahi thabiti za kazi ambayo misuli ya mahali hapo huifanya usiku na mchana, yaani kuiweka wazi njia ya hewa. Pengo hilo halionekani darasani. Huonekana katika zahanati, zizini na machinjioni, mahali ambapo mtu hana budi kueleza ni sehemu gani ya koo iliyoharibika na imeharibikaje. Ili kulidhihirisha pengo hilo, makala yanamtumia mnyama ambaye njia yake ya hewa imechunguzwa sana na wataalamu wa tiba ya mifugo, yaani farasi. Kisha yanauliza ni nini kingetakiwa ili maarifa hayo yaelezeke kwa Kiswahili katika mji wa Ifakara na bonde la Kilombero.

2.0 Kwa Nini Farasi, na Kwa Nini Kilombero?

Msomaji ana haki ya kushangaa, kwa kuwa bonde la Kilombero si nchi ya farasi. Ni nchi ya maji na mpunga, iliyo baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mapori yake ni makazi ya ndorobo. Vimelea vinavyoenezwa na ndorobo husababisha nagana, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika sana na ugonjwa huo. Upo pia ugonjwa mwingine wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi, ambao katika sura yake kali huyajaza mapafu maji hata povu likatoka puani. Historia ya safari za bara inaonyesha jinsi mnyama huyu alivyokuwa dhaifu katika mazingira haya. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 akiwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa katika siku za mwanzo za safari. Mizigo ya bara ilibebwa na wapagazi na punda.

Hata hivyo, farasi si mgeni katika lugha. Kiswahili cha pwani kina lijamu na hatamu, na kina majina ya miendo: mnyama huenda matiti, huenda telki, hupiga shoti. Sehemu ya msamiati huu ilitokana na maingiliano ya pwani na Uarabuni, na haikuletwa na vitabu vya shule. Lugha iliyoweza kutenganisha mwendo wa telki na mwendo wa shoti haiwezi kusemwa kuwa haina uwezo wa kutenganisha sehemu za koo la mnyama huyohuyo.

Sababu kuu ya kumchagua farasi ni ya kimantiki. Uimara wa daraja hujulikana linapopitiwa na mzigo mzito kuliko yote, na koo la farasi apigaye shoti hubeba mzigo wa hewa ambao koo la binadamu halijawahi kuubeba. Jambo ambalo kwa binadamu aliyekaa kitini halionekani, kwa farasi akimbiaye huonekana wazi. Isitoshe, ndugu wa farasi ni punda, na punda ni mnyama wa kazi wa Mtanzania wa kawaida. Wafugaji wa Kimaasai, ambao wamo miongoni mwa jamii zilizohamia Kilombero na mifugo yao, kwa desturi humtumia punda kubeba mizigo. Wasukuma, ambao nao wamehamia huko, wanajulikana kwa kilimo cha plau la ng'ombe. Kwa hiyo swali la pumzi ya mnyama aliye kazini ni swali halisi bondeni humo, hata kama farasi mwenyewe hayupo.

3.0 Jinsi Koo la Farasi Linavyofanya Kazi

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba farasi hupumua kwa pua tu. Kaakaa lake laini ni refu, na ukingo wake hukaa chini ya kidakatonge, ukilizunguka lango la zoloto kama kifungo kinavyokaa katika tundu lake. Kwa hiyo, isipokuwa wakati wa kumeza, kinywa na njia ya hewa hutengwa kabisa. Farasi hana hata kilimi. Mwanafunzi wa fonetiki anaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi akikumbuka jinsi nazali zinavyotamkwa: kaakaa laini hushuka, mkondo wa hewa hufungiwa njia ya kinywa, nao hupita puani. Tunaweza kusema kwamba farasi yupo wakati wote katika hali ya mtu atamkaye sauti ya mwanzo ya neno ng'ombe bila kuikoma.

Tofauti na ng'ombe mwenyewe inafaa kutajwa hapa. Ng'ombe aliyechoshwa na nira au na joto huweza kufungua kinywa, akatoa ulimi na kutweta. Farasi na punda hawana njia hiyo ya akiba. Mchungaji aliyezoea ng'ombe anaweza kudhani kwamba kamba iliyokazwa juu ya pua ya punda haina madhara makubwa, kwa kuwa kinywa kipo. Lakini kamba hiyo ikiibana sehemu laini ya pua, juu ya mianzi yake, imeibana njia pekee ya hewa aliyo nayo mnyama huyo.

Jambo la pili ni kiasi cha hewa. Farasi aliyetulia huhitaji lita kati ya 60 na 80 hivi za hewa kwa dakika. Akipiga shoti kwa nguvu zake zote, kiasi hicho hupita lita 1,000, na katika farasi wa mashindano hufika karibu na 1,800. Hupumua zaidi ya mara 100 kwa dakika, na kila pumzi huenda sambamba na hatua moja ya shoti. Hewa nyingi hivyo ikivutwa katika njia nyembamba, msukumo wa hewa ndani ya njia hiyo hupungua sana, na kuta zake huvutwa kuelekea ndani. Kila aliyewahi kunywa kwa mrija laini anaijua hali hii: ukivuta taratibu kinywaji hupanda, ukivuta kwa pupa mrija hubonyea na kinywaji hukoma. Koo la farasi ni mrija wa namna hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya koromeo haina mfupa wala gegedu la kulishikilia.

Kinacholizuia lisibonyee ni misuli. Misuli ya pua hutanua mianzi. Misuli ya ulimi na ya mfupa wa chini ya ulimi huvuta mbele. Misuli ya kaakaa huikaza sakafu ya koromeo, na msuli mwingine huliinua na kulikaza paa lake. Ndani ya zoloto upo msuli mmoja tu, kwa kila upande, wenye kazi ya kulitanua lango. Baadhi ya misuli hiyo hutangulia kukaza kabla au mwanzoni mwa kuvuta hewa, bila mnyama kufikiri.

Misuli hiyo ikishindwa, hutokea maradhi mawili yaliyo mashuhuri. La kwanza ni kupooza kwa zoloto. Neva inayouendesha msuli mtanuzi wa upande wa kushoto hushuka kutoka kichwani hadi kifuani, huuzunguka mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha hupanda tena shingoni mpaka kwenye zoloto. Binadamu pia anayo neva hii, na twiga anayo yenye urefu wa mita kadhaa, ingawa umbali kutoka kichwani hadi kwenye zoloto ni mfupi. Kwa farasi, neva hiyo ndefu ya kushoto huharibika mara nyingi zaidi kuliko ya kulia. Msuli hudhoofu, upande mmoja wa lango huning'inia, na farasi akivuta hewa kwa nguvu husikika akivuma au akipiga mbinja. La pili ni kuhama kwa kaakaa. Ukingo wa kaakaa laini huchopoka chini ya kidakatonge na kukaa juu yake, ukipepea kama pazia katika njia ya hewa. Farasi wa namna hii hukoroma hasa anapotoa hewa, na kasi yake huanguka ghafla.

Uchunguzi wa maradhi haya una funzo kwa wanaisimu pia. Kwa muda mrefu baadhi ya matabibu waliamini kwamba kaakaa huhama kwa sababu misuli fulani ya shingo hulivuta zoloto nyuma, na tiba yao ilikuwa kuikata misuli hiyo. Susan Holcombe na wenzake huko Marekani walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kuizima neva iendayo kwenye misuli ya kaakaa kunatosha kusababisha kaakaa kuhama. Norm Ducharme na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba msuli unaolivuta zoloto mbele, ukiondolewa kazini, huleta matokeo hayo pia. Maendeleo hayo yalipatikana pale swali lilipoacha kuwa "kiungo kipo wapi?" likawa "kiungo kinafanya nini?". Swali hilo la pili ndilo ambalo istilahi zetu bado hazijajifunza kuliuliza.

4.0 Ala za Matamshi au Njia ya Hewa?

Sasa na tuyatazame majina yetu. Neno la kawaida ni koo. Msemaji wa Kiswahili husema koo linawasha, koo limekauka, mfupa umemkwama kooni, amemkaba koo. Katika mifano hiyo minne koo si kitu kimoja. Mfupa hukwama katika koromeo au katika umio. Mkabaji hulikaba zoloto na bomba la pumzi. Kuwasha huweza kuwa popote. Katika mazungumzo ya kawaida upana huo wa maana si kasoro, maana mazingira hufafanua. Lakini mfugaji akimwambia afisa mifugo kwamba mnyama "ana tatizo la koo", sentensi hiyo inaweza kumaanisha mnyama aliyekwamwa na chakula, mnyama aliyevimba koromeo, au mnyama asiyeweza kuvuta hewa. Kila moja kati ya hali hizo ina tiba yake, na moja huua kwa dakika chache.

Neno koromeo lina utata wa aina nyingine. Wanafonetiki wamelipa maana ya uwazi ulio nyuma ya kinywa na pua, juu ya zoloto. Wasemaji wengi hulitumia kwa kile kifundo kinachoonekana mbele ya shingo ya mwanamume, ambacho ni sehemu ya zoloto lenyewe. Jina moja linaelekeza mahali pawili, na katika njia ya hewa sentimita chache ni jambo kubwa.

Hata hivyo, muundo wa neno hili unatupa mwanga. Yaelekea koromeo limenyambuliwa kutokana na kitenzi koroma, kwa njia ileile ambayo tegemea imezaa tegemeo na kimbilia imezaa kimbilio. Kama ndivyo, koromeo ni mahali pa kukoromea. Wahenga walioliunda jina hilo hawakuanza na sauti ya usemi. Walianza na pumzi ya mtu aliyelala, ambaye misuli ya koo lake imelegea, njia ikasinyaa na kaakaa likatetemeka. Hiyo ndiyo elimu ya misuli ya njia ya hewa kwa ufupi, nayo imo ndani ya neno moja. Aidha, inaunga mkono uamuzi wa wanafonetiki, kwa kuwa mkoromo hutokea juu ya zoloto.

Kidakatonge nalo ni jina la kazi. Linaeleza kiungo kinachodaka tonge lisiende njia isiyo yake. Ni istilahi nzuri, rahisi kukumbukwa, lakini ni ya kumeza tu. Kazi ya kiungo hicho katika kupumua, ambayo kwa farasi ni kulikalia kaakaa na kuifunga njia ya kinywa, haimo katika jina. Kilimi ni jina la umbo, yaani ulimi mdogo. Zoloto halimwambii msemaji wa kawaida lolote. Orodha hii inaonyesha kwamba majina yetu yametoka katika misingi mitatu tofauti, kazi, umbo na ukopaji, bila mtu kuyaweka pamoja na kuuliza kama yanatosheleza.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika istilahi za vitendo. Kiswahili kina vitenzi vingi vya pumzi: pumua, hema, tweta, koroma, vuta pumzi, shusha pumzi, na hata pumzika ni neno la ukoo huohuo. Lakini hakuna jina lililokubalika la msuli unaotanua zoloto, wala la kubonyea kwa njia ya hewa, wala la kaakaa kuhama mahali pake. Neno mshipa linaongeza utata, kwa maana hutumiwa kwa njia ya damu, kwa neva, kwa kano na hata kwa ugonjwa wa ngiri. Mtu akisema "mshipa wa koo umekufa", msikilizaji hawezi kujua kama damu imezuilika au neva imeharibika. Neno neva, ambalo limekwisha kuzoeleka shuleni, linafaa kushikiliwa.

5.0 Ifakara na Kazi ya Jina

Pana sababu ya kuitaja Ifakara katika mjadala huu. Mji huu mdogo una historia ndefu ya sayansi. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mtaalamu wa zoolojia kutoka Basel, Uswisi, alianzisha hapo maabara ya utafiti, karibu na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisi. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa miongo kadhaa wataalamu wa lugha nyingi wamekutana hapo na wakulima wa Kindamba, Kipogoro na Kimbunga, wakizungumza nao kwa Kiswahili. Hivyo bonde hili limekuwa maabara ya istilahi pia, ingawa halikuwahi kuitwa hivyo.

Mifano miwili inatosha. Mwaka 1997 ulianzishwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga mradi wa kusambaza vyandarua vilivyotiwa dawa. Chandarua na dawa yake viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Jina hilo ni kitenzi na yambwa yake: linasema nini kifanywe na kwa nani. Matokeo ya mradi yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo vilihusiana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Hakuna anayedai kwamba jina ndilo lililowaokoa watoto. Chandarua na dawa ndivyo vilivyofanya kazi. Lakini jina halikuwa kizuizi, na hilo si jambo dogo.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Susanna Hausmann Muela na wenzake walichapisha mwaka 1998 utafiti walioufanya Ifakara kuhusu uelewa wa malaria. Walikuta kwamba neno malaria limekwisha kupokelewa, pamoja na mafundisho ya hospitali, lakini maana yake imefumwa pamoja na maelezo ya uchawi, hata pakawa na malaria ya kweli na ile inayodhaniwa kuwa ya bandia. Neno la kigeni liliingia likiwa tupu, na jamii ikalijaza kwa yale iliyokuwa nayo. Neno lisiloeleza kazi yake huwa chombo kilicho wazi, na kila mtu hutia humo anachotaka.

Hatari hiyo ipo katika istilahi za koo. Katika sehemu nyingi za Tanzania watoto wenye kikohozi cha muda mrefu bado hupelekwa kwa waganga wakakatwe kimeo, yaani kilimi. Wazazi huambiwa kwamba kinyama hicho kimerefuka na ndicho kinacholeta kikohozi. Matokeo huweza kuwa kutoka damu nyingi, maambukizi, na kuchelewa kwa tiba ya ugonjwa wenyewe, ambao mara nyingi umo mapafuni. Mzazi huyo si mjinga. Amepewa jina la kiungo anachoweza kukiona kwa macho, na hakupewa jina la njia nzima ya hewa ambamo kikohozi hutokea. Anachagua kati ya maelezo yaliyopo, na maelezo yaliyopo kwa lugha yake ni hayo.

6.0 Hoja za Upinzani

Hoja ya kwanza ni kwamba utohozi unatosha: laringi, faringi, trakea. Utohozi ni njia halali, na hakuna sababu ya kuukataa pale ambapo wataalamu wanazungumza wenyewe kwa wenyewe. Lakini istilahi za mifugo zilizofanikiwa nchini zinaonyesha njia nyingine. Homa ya mapafu ya ng'ombe, ndigana kali, kimeta, chambavu, miguu na midomo, mkojo mwekundu, maji moyo: majina haya hutumiwa na afisa mifugo na mfugaji kwa pamoja. Mengi yake yametokana na kile ambacho jicho la mfugaji huona. Ikiwa maradhi yameweza kupata majina ya pamoja, hakuna sababu ya viungo na kazi zake kukosa.

Hoja ya pili ni kwamba kila taaluma ina haki ya istilahi zake. Kanuni hiyo ni ya kweli pale vitu vinapotofautiana. Zoloto la mwanafonetiki, la daktari na la tabibu wa mifugo ni kiungo kilekile. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kutoka kwa kamusi hizo katika mwaka mmoja na chini ya paa moja ni ushahidi kwamba kazi ya pamoja inawezekana. Kinachohitajika sasa ni wanaisimu kuvuka mpaka wa somo lao na kuwasikiliza watu wa pumzi.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: elimu ya tiba na ya mifugo hufundishwa kwa Kiingereza, ikiwa ni pamoja na pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa hiyo istilahi za Kiswahili hazina soko. Jibu ni kwamba soko lipo, ila halipo darasani. Mhitimu huyo akipangiwa kazi Mlimba, Mang'ula au ng'ambo ya mto, mazungumzo yake na mwenye mnyama yatakuwa kwa Kiswahili kuanzia siku ya kwanza. Kila siku hulazimika kutafsiri peke yake, papo kwa papo, bila mwongozo. Tafsiri elfu moja za watu elfu moja haziwezi kuleta lugha moja ya tiba.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na hoja hizo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, istilahi za njia ya hewa zipangwe upya kwa kufuata kazi, na zikubaliwe kwa pamoja na wanafonetiki, matabibu wa binadamu na matabibu wa mifugo, chini ya BAKITA. Koromeo libaki kuwa uwazi ulio juu ya zoloto, na zoloto liwe lango la bomba la pumzi. Pawepo msuli mtanuzi na msuli mfungaji wa zoloto, kubonyea kwa koo, kuhama kwa kaakaa na kupooza kwa zoloto. Istilahi hizi si ngeni kwa sikio. Ni maneno ya kawaida yaliyopewa mpaka.

Pili, istilahi zijaribiwe kabla ya kuchapishwa, na zijaribiwe mahali kama Ifakara. Mjuzi wa kwanza wa kuulizwa awe mchinjaji. Sheria ya Kiislamu ya kuchinja humtaka aikate njia ya pumzi na njia ya chakula pamoja na mishipa ya shingo, na kwa hiyo mchinjaji Mwislamu hujifunza kuitenga mirija hiyo miwili kwa kisu. Wa pili awe mfugaji, ambaye huusikia mkoromo wa mnyama gizani na kujua kama ni wa uchovu au wa ugonjwa. Wa tatu awe muuguzi wa zahanati. Istilahi itakayoeleweka na watatu hao bila maelezo marefu itakuwa imefaulu mtihani mgumu kuliko ule wa kamati.

Tatu, somo la fonetiki lenyewe lianze na pumzi. Mwanafunzi afundishwe kwanza jinsi njia ya hewa inavyowekwa wazi na misuli, kisha afundishwe jinsi usemi unavyoiazima njia hiyo. Mlio wa punda unafaa kuwa mfano wa somo la kwanza, kwa kuwa punda hutoa sauti akivuta hewa ndani na akiisukuma nje, jambo ambalo Kiswahili hakilitumii katika fonimu zake lakini koo linaliweza. Mwanafunzi aliyelielewa hilo atajua kwamba fonimu za lugha yoyote ni sehemu ndogo tu ya uwezo wa koo.

Farasi hatakuja kuishi Kilombero maadamu ndorobo wapo, na makala haya hayamwombi aje. Anayehitajika bondeni ni msemaji wa Kiswahili awezaye kueleza kwa usahihi jinsi kiumbe kinavyoshindwa kuvuta hewa, akaeleweka na anayemsikiliza kabla muda haujapita. Kumpa maneno hayo ni wajibu wa wanaisimu, kwa sababu wao ndio walioyachukua majina ya koo na kuyatia katika mchoro wa ala za matamshi. Sasa wayarudishe kwenye kazi ya pumzi.